Kikombe Kilichozidi

Tulimwita Mwalimu, na hakuwa mwalimu. Hakuwa na cheti, hakuwahi kukanyaga chuo, na ubaoni aliandika herufi kubwa tupu kwa sababu zile ndogo, alisema, zilikuwa zinamchokoza macho. Lakini mgeni akifika Voi miaka ile akauliza kwa Mwalimu, wabeba mizigo wa stendi hawakumuuliza mwalimu yupi. Walimwelekeza tu: pita soko, vuka reli, tafuta banda la mabati lenye vikombe ukutani.

Mimi sikuhitaji kuelekezwa. Dirisha langu la mbele lilitazamana na mlango wa banda lile, katikati pana barabara ya vumbi basi. Mume wangu alikuwa na duka sokoni, na mimi, kama wake wengi wa nyumba zetu za Kiislamu pale mjini, sikuwa mtu wa kutokatoka ovyo. Basi nilitazama. Wenzangu walikuwa na redio, mimi nilikuwa na Mwalimu. Mengi ninayoyasimulia hapa niliyapata kwa kuchungulia, Mungu anisamehe, na mengine kwa kumuuliza mwenyewe mpaka akachoka. Nina udadisi wa kuzaliwa nao. Mama yangu alikuwa akisema nitakuja kumuuliza maswali hata mwosha maiti wangu.

Na niseme mapema, nisije nikaonekana nimeficha. Katika vikombe vile vya ukutani kimoja kilitoka nyumbani kwangu, na mtoto mwenye kikombe hicho hakuna mtu wa mtaani aliyewahi kumwona. Saumu, mwanangu wa pili, alikuwa na miaka mitatu, hatembei, wala hakai bila kushikwa. Alikuwa akilelewa chumba cha uani, mlango umerudishwa. Kila ninapomkumbuka Mwalimu, kumbukumbu zangu huzunguka jambo hilo moja: mtoto yule angetoka lini mlangoni, na mimi ningethubutu lini kumtoa.

Chama cha banda lile kilianza na wanawake wanane. Wengi walikuwa Wataita walioshuka kutoka milimani, wawili Wakamba, na mmoja mjane wa mtu wa reli kutoka Taveta. Walikuwa wakiuza mboga, wengine wakikata mkonge, na watoto wao waliachwa nyumbani wamefungiwa kwa kufuli. Kuna mtoto aliungua kwa chungu cha maharagwe. Hakufa, lakini wiki ile ile wanawake wale waliomba ghala kuukuu lililokuwa likiwekwa kamba za mkonge, wakalifagia, wakamwambia Mwalimu akae na watoto. Kwa nini yeye? Nilimuuliza hilo mara nyingi. Alisema ni kwa sababu siku ile ya mkutano alichelewa, na aliyechelewa hupewa kazi.

Ili chama kiandikishwe ilibidi mtu apande Wundanyi, kwenye ofisi za wilaya. Alipanda mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa alete katiba. Mara ya pili alileta katiba, akaambiwa mwenye muhuri yuko mazishini. Mara ya tatu alibeba chupa ya uji na kikombe, akaketi kwenye benchi la nje, akanywa taratibu, akamkaribisha kila karani aliyepita. Alirudi na cheti kimegongwa muhuri na chupa tupu. Kile cheti kilikuwa na jina refu la kupendeza, lenye maneno ya malezi na familia na maendeleo ndani yake, lakini mjini hakuna aliyelitumia. Watu walisema Shule ya Uji. Walianza kwa kejeli, kisha kejeli ikaisha jina likabaki.

Sasa nimweleze mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mikono mikubwa isiyotulia. Akizungumza nawe mikono ile ilikuwa ikisuka kamba, au ikimenya, au ikikunjua nguo ya mtoto. Alivaa viatu vya mpira vya kiume. Tumbaku ya kunusa aliipenda kuliko chakula, akaiweka kwenye kikopo ndani ya sidiria, na kila siku aliwafundisha watoto kwamba pua ni ya kupumulia tu. Nilimwona mara ngapi akizunguka nyuma ya banda, akinusa, akipiga chafya tatu, akirudi uso umenyooka! Ndovu walipovunja ua wa kibustani chao cha mchicha aliwafukuza kwa sufuria na mwiko, peke yake, akiwatukana kwa Kidawida, lugha ya Wataita. Lakini mtoto mmoja alipomletea kinyonga juu ya kijiti, Mwalimu alipanda meza. Hakushuka mpaka kinyonga akapelekwa ng'ambo ya reli.

Hakuwa mpole. Watu wakimsimulia siku hizi humfanya mpole, nami hukasirika. Alikuwa na ulimi. Mama aliyeleta mtoto hajanawishwa aliambiwa mbele ya watu, "Huyu umemlaza kwa jivu?" Na wakubwa waliokuja kuhutubia walijikuta ameshawatia kazi mikononi. Mmoja alishikishwa mwiko akahutubia huku anakoroga. "Mkono mtupu haulambwi," alisema Mwalimu, "lakini wake una mwiko, tutamsikiliza." Methali alizipenda, ila moja aliichukia: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtu akiitamka, alikuwa mkali. "Na njaa je? Na jirani je? Na ugonjwa? Yote umsukumie mama yake?"

Sikuelewa wakati ule kwa nini maneno hayo yalinifanya nitoke dirishani nikakae chini.

Jambo lililonishangaza zaidi ni sheria mbili za banda lile. Ya kwanza ni kwamba kila mtoto alileta kikombe kutoka kwao. Ingekuwa rahisi kununua vikombe vya namna moja, lakini alikataa. "Mtoto akishika kikombe ya kwao, hawezi ogopa," alisema. Basi ukutani kulikuwa na ubao mrefu wenye misumari iliyopigwa chini, kimo cha mtoto, na juu yake vikombe vya kila sura: vya bati vyenye maua, vya plastiki, kimoja cha udongo, kingine kopo la majani ya chai lililotiwa mkono wa waya.

Sheria ya pili ni kwamba watoto hawahesabiwi. Hapo Wataita na Wakamba walikuwa kitu kimoja. Huwezi kuelekeza kidole kwa watoto wa watu ukasema mmoja, wawili, watatu. Unajitafutia nini? Anayehesabu anapunguza. Hata kwetu Waswahili mtu hatamki idadi ya wanawe bila kusema mashaallah. Mwalimu alikuwa mtu wa kanisa, mstari wa mbele kila Jumapili, na aliwacheka wanaoogopa bundi. Lakini kuhesabu watoto, hapana. Jioni alihesabu vikombe. Vikombe havina roho, alisema, na msumari ulio mtupu utakwambia nani hajaja.

Nilimuuliza kwa nini yeye, asiyeamini mizimu, anashika hilo. Siku moja alisema ni heshima kwa mabibi zake. Siku nyingine alisema hesabu ilimshinda shuleni. Ya tatu alisema, "Mama Athumani, wewe ungekuwa polisi." Nikajua kuna jibu jingine analoliweka.

Athumani ni mwanangu wa kwanza. Mtaa mzima uliniita kwa jina lake, na nikitazama nyuma naona lilinisaidia kujificha.

Alhamisi hakukuwa na masomo ya mchana. Ilikuwa siku ya kuzungukia nyumba. Mwalimu alikuwa na namna yake ya kuingia nyumba ya mtu, na sijaiona kwa mwingine. Hakuja na daftari. Alipiga hodi, akasalimu, akatazama unafanya kazi gani, akaketi karibu nawe akaifanya. Ukiwa unafua, atasuuza. Ukichambua mchele, atavuta ungo upande wake. Na hakuuliza neno lolote mpaka kazi iishe. Mkimaliza, mara nyingi ulikuwa umeshamwambia mwenyewe, maana kimya cha mtu anayekusaidia kazi ni kizito.

Kwangu alikuja kwa sababu ya Athumani, aliyekuwa akicheza na watoto wa banda. Tukachambua mchele. Akaenda zake. Alhamisi ya pili tukachambua tena. Ya tatu tulikunja nguo. Ya nne, nguo zikiwa zimeisha, alishika kanga chakavu zilizokatwa vipande, zile za kumvisha mtoto nepi, akazipapasa. Athumani alikuwa na miaka sita.

"Mtoto wa hizi nguo anakunywa uji?" aliuliza.

Niliangua kilio. Sina la kupamba hapo. Nililia mpaka mama mkwe wangu akaja kutoka barazani, akasimama mlangoni.

Mama mkwe hakuwa katili, nataka hilo lieleweke. Yeye ndiye aliyekuwa akimsuka Saumu nywele, na usiku akimsomea Kuruani kichwani. Lakini alikuwa na binti wa kuozwa, na aliogopa watu waje kuuliza ukoo una nini. Aliogopa pia vijicho. Mume wangu alinyamaza, na kunyamaza kwake nikakufanya amri. Nami niliona haya, nisiwatupie wao yote.

Mwalimu aliingia uani, akamtazama Saumu amelala juu ya mkeka. "Kwawuka mana," alimwamkia kwa Kidawida, kama anavyomwamkia mtu mzima wa kwao. Kisha akaniambia, "Nipe kikombe yake."

"Mwalimu, hatoki."

"Sijasema atoke. Kikombe ndiyo itatoka."

Nikampa kikombe cha bati chenye ukingo wa kijani, kimebanduka rangi ubavuni. Akaniahidi kwamba hatamwambia mtu, hata wanawake wa chama. Kuanzia siku hiyo msumari wa karibu na mlango ulikuwa na kikombe, na kila siku saa nne, watoto wakicheza, Mwalimu alivuka barabara akaingia kwetu kwa mlango wa nyuma, kikombe amekifunika kwa leso. Siku moja alichimba shimo dogo uani, mahali penye mchanga laini, akalitandika nguo, akamkalisha Saumu ndani mpaka kiunoni. Mchanga ukamshika pande zote. Mwanangu, aliyekuwa akiitazama dunia kutoka chini, akaona uso wangu ukiwa mbele yake. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama Saumu," aliniita Mwalimu siku hiyo. Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Uani aliniita Mama Saumu, barabarani Mama Athumani, na hakukosea hata mara moja.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka alipokuja afisa.

Unga wa uji ulikuwa ukiletwa na shirika moja la Nairobi. Mwaka wa pili au wa tatu likamtuma kijana kuja kukagua. Alikuwa kijana mwenye adabu, shati limeloa jasho la Voi, na siku hiyo asubuhi alikunywa uji pamoja na watoto akausifu. Kisha akawapanga watoto foleni nje ya banda, akina mama wakiwa wamesimama kutazama, akatoa kalamu akaanza kuwaelekezea kichwa kimoja kimoja. Kwa sauti. Mimi niko dirishani. Nilimwona mama mmoja anamvuta mwanawe, mwingine amefunika macho. Mwalimu alikuwa ndani akiosha sufuria. Alipotoka, kijana alikuwa ameshafika thelathini.

Kisha akaingia ndani, akahesabu na vikombe.

"Sasa, mama," alisema alipotoka, na upepo ulikuwa ukileta sauti yake kwangu. "Watoto ni thelathini. Vikombe ni thelathini na kimoja, na unga mnachukua wa thelathini na mmoja. Huyo mmoja ako wapi?"

"Hiyo ingine ni yangu."

"Lakini mama, asubuhi nimekuona ukikunywa na kibuyu."

Ni kweli. Mwalimu alikuwa na kibuyu chake kilichokatwa, hakunywea kingine, na hata mimi wa ng'ambo ya barabara nilikijua. Alisimama pale mikono imetulia. Sikuwahi kuiona imetulia.

"Sitaki kuandika vibaya," alisema kijana. "Niambie tu jina la mtoto."

Angeweza kulisema. Neno moja tu, na mkono mmoja kuelekeza nyumba yangu. Nilikuwa nimeshika nondo za dirisha. Hakutazama upande wangu, hata kwa bahati mbaya.

"Andika unavyoona," alimwambia.

Yule kijana akaandika kwamba idadi imeongezwa. Unga ukasimama.

Msiba ulikuwa mara mbili, maana siku iliyofuata banda lilikuwa na watoto tisa. Wengine mama zao waliwazuia. Watoto wamehesabiwa, tena kwa kalamu, tena na mgeni, wewe ungempeleka wako? Mwalimu akazunguka nyumba zote, na haikuwa Alhamisi. Sikuwa na la kuchungulia, lakini mama mmoja wa chama alinisimulia baadaye alichokuwa akiwaambia.

"Mgeni alisema ni wangapi?"

"Thelathini."

"Basi amekosea. Na akikosea, hajahesabu mtu."

"Amekosea wapi, Mwalimu? Sisi tulimsikia."

"Ameacha mmoja. Hesabu yenye imeacha mtu si hesabu, ni kelele."

"Ameacha nani?"

"Mimi namjua."

Akina mama wakatazamana, wakacheka, wakaona ni kweli. Hesabu ya uongo haiwezi kumpunguza mtoto wa kweli. Kesho yake wakarudi, kila mtoto na konzi ya unga imefungwa kwenye karatasi, maana Mwalimu aliwaambia pia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wa mtama, wa mahindi, wa muhogo, wote ukamiminwa sufuria moja. Rangi ya uji ule ilibadilika kila siku.

Nami nilikaa kimya. Wiki tatu. Mtu alikuwa ameitwa mwongo kwa ajili yangu, soko zima likisema Mwalimu wa Shule ya Uji alikuwa akila unga wa watoto, na mimi niliyekuwa na dawa ya maneno hayo nilikuwa nimejifunika nayo ndani. Nilimtuma Athumani na konzi ya unga, tena kubwa, nikadhani hiyo itatosha. Mwalimu aliendelea kuja saa nne. Hakuniuliza kitu. Kikombe cha Saumu kilikuja kimejaa.

Kilichonitoa ni udadisi, si ushujaa. Siku moja nilichungulia wakati wa kugawa uji. Nikaona watoto wanamiminiwa nusu, nusu, nusu. Kikafika cha ukingo wa kijani, nacho akakitia nusu. Kisha akachukua sehemu ya kibuyu chake, akaimimina humo mpaka kikajaa, akakifunika kwa leso. Kibuyu akakitundika kikavu. Nikajiuliza, tangu lini? Wiki tatu?

Saa nne ya kesho yake sikumngoja. Nilimfunga Saumu mgongoni kwa kanga, kichwa chake begani kwangu, nikapita ukumbini. Mama mkwe alikuwa barazani na majirani wawili, wanakunywa kahawa.

"Waenda wapi na mtoto?" aliuliza.

"Shule."

Majirani waliganda na vikombe mkononi. Mama mkwe akanitazama, akamtazama Saumu, nikajiambia leo patachimbika. Aliinuka pole pole, magoti yakimlalamikia. Akavua mtandio wake wa mabegani.

"Mfunike kichwa," alisema. "Jua kali."

Barabara ile ilikuwa na hatua zisizofika ishirini. Nilizivuka nikiona kila mlango umefunguka. Mwalimu alikuwa kizingitini na leso mkononi, ndiyo kwanza anataka kuvuka. Alisimama. Nilitarajia anikumbatie, au alie, au hata anigombeze, nilistahili. Aliinama, akamtazama Saumu usoni.

"Umechelewa," alimwambia. "Kikombe yako iko pale, karibu na mlango."

Kisha akainua sauti, barabara nzima isikie: "Mama Saumu, karibu!"

Tuliandika barua kwa lile shirika la Nairobi. Yule kijana alirudi mwenyewe, akamwona Saumu katika shimo lake jipya nyuma ya banda, akaomba radhi mpaka tukamwonea huruma. Lakini unga ulikuwa umeshapelekwa kwingine. Basi Shule ya Uji ikaendelea kwa konzi za unga, na nadhani ndiyo maana ilidumu, kwa sababu tangu hapo hakuna aliyeweza kuifunga kwa kalamu. Wanawake wa Ronge walikuja kutazama inavyokwenda. Wa Rukanga walikuja pia. Na kabla mwaka haujaisha watoto wengine wawili walitoka majumbani, mmoja wao kutoka nyumba niliyokuwa nikipita mbele yake kila Idi na sikujua.

Miaka ilikwenda. Mwalimu alihamia Rukanga, chini ya mlima Kasigau, wanawake wa huko walipotaka mtu wa kuwaanzishia banda lao. Alisema atakaa miezi mitatu, akakaa moja kwa moja. Mimi nikachukua nafasi ya mwiko Voi, mimi niliyekuwa mtu wa dirishani. Mwishoni mwa miaka ile ya tisini nilikwenda kumtembelea, na Saumu nikamchukua. Alikuwa darasa la tatu, akitembea kwa magongo mawili ya mbao, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao sikuweza kuutibu: alihesabu kila kitu. Milingoti ya simu, mbuzi, mashimo ya barabarani.

Tulimkuta Mwalimu ameketi kwenye kigoda mbele ya kibanda cha udongo, mikono inasuka kamba. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Hakuniona, lakini alisikia magongo.

"Huyo amechelewa," alisema, na tukacheka, na mimi nikalia kidogo.

Tulizungumza mpaka mchana. Nilimuuliza tena, maana sikuweza kuondoka bila kuuliza. "Mwalimu, sasa umezeeka, niambie. Kwa nini hukutaka kuhesabu?"

Alinusa tumbaku yake, bila kujificha sasa. "Mtu akihesabu anafika mwisho," alisema. "Akifika mwisho anakaa chini. Mimi niliogopa kukaa."

Watoto wa banda la huko walikuwa wamejipanga kuchukua vikombe vyao ukutani. Na kabla sijamwahi, Saumu alikuwa ameinua gongo moja, anaelekeza: mmoja, wawili, watatu. Akina mama wa pale wakaacha kazi zao.

"Saumu!" nilimkemea. "Hapa hatuhesabu."

"Wacha ahesabu," alisema Mwalimu.

Saumu akaendelea mpaka mwisho, midomo inacheza.

"Umepata ngapi?" Mwalimu aliuliza.

"Kumi na tisa. Na mmoja."

"Huyo mmoja ako wapi?"

Saumu alimtazama kana kwamba swali lenyewe ni la mtoto mdogo. "Sijamwona bado," alisema.

Mikono ya Mwalimu ilitulia. Mara ya pili maishani mwangu niliiona imetulia. Kisha akageuza uso upande wa sufuria, akamwambia mwanamke mwenye mwiko, "Umesikia. Ongeza kikombe."

Wote walicheka. Kando ya kibanda, penye kivuli, palikuwa na mama kijana aliyekuwa akichambua majani ya kunde. Yeye hakucheka. Alikuwa amesita na jani mkononi, akitazama chini. Mwalimu hangeweza kumwona. Niliyemwona ni mimi.

Maswali yalinijia kinywani yote kwa pamoja, kama kawaida yangu. Niliinuka, nikaenda nikaketi karibu naye, nikavuta ungo upande wangu, nikaanza kuchambua. Sikumuuliza kitu.